Sinki la Mama Mkwe

Kyule aliamka akiwa amechoka. Kwa fundi wa mabomba wa umri wake hiyo si habari; ukiyapitisha maisha ukilala chali chini ya masinki ya watu, maji machafu yakikudondokea puani, mgongo hukuaga kabla hata nywele hazijaota mvi. Lakini uchovu wa asubuhi hiyo haukuwa wa mgongo peke yake. Alijichemshia chai, ikatoka na harufu ya moshi kama ya jana na ya juzi, akainywa amesimama huku akiitazama cherehani ya mkewe iliyofunikwa shuka kwenye kona. Shuka lenyewe lilikuwa limeshika vumbi. Angeweza kulikung'uta. Hakulikung'uta, kwa sababu alijua akianza na shuka atajikuta anasafisha nyumba nzima, na mwanamume akishasafisha nyumba nzima ni kama amekubali kwamba mwenye nyumba harudi.

Mwenye nyumba ni Wavinya. Alikuwa kwa mama yake, huko Matiliku, tangu mvua za Novemba, siku ile mama alipoteleza kwenye kizingiti cha jikoni akavunjika nyonga. Alikwenda na nguo za wiki moja. Mvua zikaisha, mahindi yakakomaa, yakavunwa, yakaanza kuliwa, na Wavinya bado yuko Matiliku. Kila Kyule alipompigia simu kutoka mjini Wote kumuuliza anarudi lini, jibu lilikuwa lile lile.

"Baba Muthoki, mama hawezi kuinama. Hata kunawa uso hawezi. Sasa nimwache aoshwe na nani?"

Muthoki ni binti yao, yuko chuo mbali, na hakuna mwingine. Kwa hiyo Kyule alikuwa akisema sawa, anakata simu na kwenda kutafuta sufuria.

Ndipo akafikiria sinki. Bafu la mama lilikuwa na bomba moja tu la chini, karibu na sakafu, linalomwagia kwenye karai. Alichohitaji mama ni mahali pa kunawia panapomfika kiunoni, tena imara, pa kushika akisimama, na chini yake kabati la kuwekea sabuni na taulo asiwe wa kuokota vitu chini. Kyule ameyafunga masinki ya kabati mengi sana katika nyumba za watu pale Wote, mengine mazuri hadi akaona haya kuyanawia mikono. Akajiambia: nikimfungia mama sinki, atanawa mwenyewe, akinawa mwenyewe, mke wangu anarudi. Hesabu ilikuwa rahisi hivyo, na kama dunia ingekuwa ya mabomba tu, ingekwisha kwa asubuhi moja.

Lakini kulikuwa na nthoni.

Nthoni ni ile haya ya ukwe ambayo Wakamba hulelewa nayo, na inayokaa sana sana kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Kyule aliijua tangu kwao Matinyani, upande wa Kitui, ila hakuwahi kuionja mpaka alipofika Wote kijana, kibarua wa kontrakta aliyekuwa akilaza mabomba ya mji. Kazi iliisha, kontrakta akaondoka na lori lake, Kyule akabaki kwa sababu ya msichana mmoja aliyeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa. Alipokwenda Matiliku kujitambulisha, mama yake msichana, Ndila, alimtazama mara moja tu, akajitanda leso, akaingia jikoni asitoke tena. Kyule alidhani amekataliwa. Wajomba wa msichana wakacheka hadi wakakohoa. Amekubaliwa, wakamwambia, asingekubaliwa mama angekaa hapo amhoji mpaka jioni.

Siku hizi wengi wamelegeza. Utaona mama mkwe anamkumbatia mkwe wake mbele ya kamera za harusi, tena anamchezea na densi. Ndila hakulegeza. Hakuwahi kumpa Kyule mkono. Hakuwahi kula naye meza moja. Wakikutana njiani, yeye alikuwa akipinda na kupitia majanini. Na kwa vile hakutaka kumsemesha ana kwa ana, aliongea na kuku. "Nyinyi kuku," angesema kutoka jikoni, "mwambieni huyo mgeni chai iko mezani." Kyule naye, ambaye kwa adabu hakubali kushindwa, alikuwa akiwajibu kuku: "Mwambieni mama nimeshukuru." Kuku wa Matiliku wamebeba salamu nyingi kuliko posta.

Mtu kama huyo, chumbani kwake mkwe haingii. Bafu lake ndiyo hata usitaje.

Sasa lipimwe vipi? Kyule alimwomba Wavinya apime kwa tepu. Ndila akasikia, na kabla binti hajapata tepu alikuwa ameshapima mwenyewe, amekaa kwenye kiti, kwa uzi wa katani. Yeye ni msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani, na mtu aliyesuka vyondo maisha yake yote haoni kwa nini aamini ukanda wa dukani kuliko vidole vyake. Alifunga fundo la upana, akafunga fundo la kina, akautuma uzi kwa jirani aliyekuwa akienda Wote. Kyule akaingia nao kwenye duka la vifaa, akaunyoosha juu ya kila sinki mpaka akapata lililoingia kati ya mafundo kama limeagizwa.

Niseme mapema, uzi usije ukasingiziwa: uzi ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la Kyule. Kuna swali ambalo fundi yeyote huuliza kabla ya kununua kitu cha bafuni, na Kyule huwauliza wateja hata salamu hazijaisha: mlango unafungukia ndani ama nje? Safari hii hakuuliza. Kuuliza habari za mlango wa bafu la mama mkwe! Ulimi wenyewe ulikataa. Na Wavinya, aliyeufungua mlango huo tangu utotoni, hakuwaza kwamba ni kitu cha kutajwa.

Mpango ulikuwa mzuri, nao niutetee kidogo. Fundi mwenzake, Mutiso, ambaye si mkwe wa mtu yeyote Matiliku, angeingia bafuni afunge sinki. Kyule angekaa kwenye ujia, amgeuzie mlango kisogo, amwelekeze kwa mdomo na kumpitishia vifaa. Ndila aliuafiki kupitia kwa Wavinya. Kwa hiyo asubuhi hiyo ya chai ya moshi Kyule alikodi pikapu, akapakia sinki, akaondoka kwenda Matiliku, na alikuwa ameshalishusha mlangoni pikapu ikaenda zake, simu ikalia.

"Kyule, leo haitawezekana," alisema Mutiso. "Tanki ya kanisa imepasuka, maji iko mpaka kwa madhabahu. Tufanye kesho kutwa."

"Kesho kutwa? Mutiso, mimi niko hapa na sinki."

"Si uiweke tu hapo kwa kivuli, haitaoza."

Kyule alikaa juu ya boksi la sinki. Nyumba ilikuwa kimya. Wavinya alikuwa sokoni, na mama alikuwa ameongozwa polepole hadi kwa jirani kwenye maombi ya akina mama, nao wakianza kuomba hawamalizi leo. Mlango wa mbele ulikuwa umeegeshwa tu, kwa kumngojea Mutiso. Kesho kutwa. Alifikiria kurudi Wote kwenye ile nyumba, kwenye ile sufuria, akautazama ule mlango. Kama angeingia sasa, akafunga haraka, akatoka, nani angejua? Angesema ni Mutiso.

Alivua viatu. Sijui kwa nini, na yeye mwenyewe hakujua. Labda aliona angalau soksi hazina makosa sana.

Ujia ulikuwa mfupi, na mwisho wake ndipo bafu, chumba kilichomegwa kutoka kwenye stoo na marehemu baba mkwe enzi ambazo kuwa na choo cha ndani ilikuwa sifa. Alipousukuma mlango ukaenda ndani. Kyule alisimama akiutazama unavyokwenda, ndani, ndani, mpaka ukafika karibu na pale pembeni ambapo sinki lilitakiwa kukaa. Aliliona kosa lake lote kwa wakati mmoja. Fundi aliyelala vizuri angefunga boksi akaenda zake, ama angeung'oa mlango kwanza. Kyule hakuwa amelala vizuri tangu Novemba. Akajiambia labda utapita. Labda utakosa kuligusa kwa unywele.

Kabla hajabeba chochote aliona jambo jingine. Kwenye nondo za dirisha palikuwa pamefungwa leso, imesokotwa mara nyingi, fundo juu ya fundo, ncha yake ikining'inia juu ya kiti cha plastiki. Aliijua leso ile. Ni ya Wavinya, ya maua ya njano, alimnunulia yeye. Alielewa mara moja kazi yake. Mama alikuwa akiishika akiinuliwa. Mahali pa kushika palikuwa pamechujuka rangi, na Kyule akamwona mkewe kwa akili yake, amemkumbatia mama kwa nyuma, anamwinua, anamshusha, asubuhi na jioni, huku yeye akipiga simu kuuliza shati la bluu liko wapi. Aliona aibu, na aibu hiyo haikuwa na uhusiano wowote na ukwe.

Basi akafanya haraka. Mfuko wa vifaa aliuacha kwenye ujia, na simu juu yake, kwa sababu bafu lisingemeza fundi na sinki na mfuko. Aliliburuta sinki ndani. Mlango ukiwa wazi halikupita, kwa hiyo akajibana nyuma yake na kuufunga mlango apate nafasi, kisha akalisukuma kwa goti kuelekea pembeni, kati ya ukuta na choo. Liliingia. Lilikwangua plasta, likalia, likaingia tena kidogo, likakaa. Uzi wa mama haukukosea hata kidogo. Kyule alijifuta jasho, akageuka kuufungua mlango.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja, ukagonga kabati.

Alivuta sinki. Sinki halikusogea. Plasta ya ukuta ilikuwa na tumbo pale katikati, na sasa sinki lilikuwa limelipita tumbo hilo likakaa upande wa pili, limekazwa. Akavuta tena, mgongo ukamkumbusha umri wake. Akajaribu kulinyanyua, hapakuwa na mahali pa kuweka miguu. Dirisha lilikuwa na nondo. Kupitia ule upana wa kiganja aliweza kuuona mfuko wake, na simu juu ya mfuko, na akanyoosha mkono mpaka bega likauma bila kuvigusa.

Ndivyo Kyule, fundi wa mabomba anayejulikana Wote nzima, alivyojifungia ndani ya bafu la mama mkwe wake.

Hakupiga kelele. Afadhali kufa. Alikaa sakafuni, maana kiti kilikuwa cha mama, akaegemeza kichwa kwenye kabati jipya, na uchovu ukamjia wote kwa pamoja kiasi kwamba karibu asinzie hapo hapo. Kilichomzindua ni mlio wa fimbo uani. Tok. Kimya. Tok. Wale akina mama walikuwa wamewahi kumaliza maombi kuliko siku yoyote katika historia yao.

Fimbo iliingia sebuleni. Ikafika mwanzo wa ujia. Ikasimama.

"Nani huko?"

Kyule alifumba macho. "Ni mimi, Mwaitu," alisema, yaani mama.

Ndila hakuuliza mimi nani. Sauti hiyo alikuwa ameisikia ikiongea na kuku miaka yote.

"Mutiso yuko wapi?"

"Mutiso hakuja."

Fimbo iligeuka, ikaondoka. Kyule aliisikia ikivuka sebule, tok, tok, akajua ameachwa, na akaona ni haki yake. Kisha akasikia mlango wa mbele ukifungwa na komeo likiingia. Mama alikuwa amefunga ili jirani yeyote asije akaona maajabu ya nyumba hiyo. Fimbo ikarudi, safari hii ikifuatana na mkwaruzo wa kiti kinachoburutwa. Kiti kikawekwa kwenye ujia, mtu akakaa kwa kuguna.

"Kuku wako nje," alisema Ndila. "Itabidi niongee mimi. Ni nini imekufungia?"

"Sinki imekwama, Mwaitu. Inazuia mlango. Nikipata bisibisi nitang'oa bawaba, mlango utoke. Iko kwa huo mfuko."

Mama asingeweza kuinama. Aliingiza mpini uliopinda wa fimbo kwenye mkanda wa mfuko, akauvuta, akaunyanyua kidogo kidogo hadi ukafika magotini. Akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuvionyesha kwenye uwazi.

"Hii?"

"Hiyo ni patasi."

"Hii?"

"Hiyo ni spana, Mwaitu. Ile ya mkono mwekundu."

Aliipata. Aliishika kwa ncha ya mwisho kabisa, akaipitisha, na Kyule akaipokea kwa ncha ya pili, wakawa kama watu wanaopokezana nyoka. Kisha Kyule akaanza kazi. Bawaba zile zilikuwa zimepakwa rangi mara nyingi, na vichwa vya skrubu vilikuwa vimezama humo vikasahaulika. Kila skrubu ilitaka kukwanguliwa kwanza, kisha kubembelezwa. Haikuwa kazi ya haraka, na watu wawili hawawezi kukaa kimya muda wote huo wakitenganishwa na ubao tu.

"Umekonda," alisema Ndila.

"Umejuaje, na hujawahi kuniangalia?"

"Nimeona mkono. Nani anakupikia?"

"Najipikia."

"Unapika nini?"

"Ugali na sukuma. Nikipata nguvu, isyo ya mahindi na maharagwe."

"Nikipata nguvu," alirudia mama, na ilikuwa kama anacheka. Kisha hakucheka tena. "Sasa kama unateseka hivyo, mbona hujakuja kuchukua mke wako?"

Bisibisi iliteleza ikamkwaruza Kyule kidole gumba.

"Kumchukua? Mwaitu, si wewe ndiye unamhitaji?"

"Mimi?" Kiti kililia. "Mimi nimechoka na Wavinya! Ananiosha kama sahani. Nikimwambia wacha, uso hata mimi naweza kupangusa, anasema mama nyamaza. Natembea kwa fimbo sasa, nafika mpaka kwa jirani, lakini choo siwezi kwenda bila mtu kusimama hapo mlangoni, mama uko sawa, mama umemaliza? Nilizaa mtoto, amekuwa mama yangu. Hata kulia sijalia tangu nianguke, kwa sababu ni wapi nitalilia?"

Kyule alisahau skrubu. "Si ungemwambia arudi nyumbani."

"Arudi wapi? Tangu Novemba hujatuma mtu hata mmoja kunipa neno juu ya mke wako, ni sinki tu. Nikasema, huko Wote kumeharibika. Huyu mwanamume hamtaki tena, ndiyo maana amenyamaza, na mtoto wangu anaona haya kuniambia. Nikimfukuza atalala wapi? Basi nikanyamaza, nikaoshwa."

Kyule alipitisha mkono usoni. Alitaka kucheka, na alitaka pia kulia, na hapakuwa na nafasi ya kufanya lolote kati ya hayo vizuri. Miezi yote hiyo alinyamaza kwa heshima, kwa sababu mkwe hawezi kumwambia mama mkwe nirudishie mke. Mama naye akausikia ukimya huo, akadhani ni ukimya wa mtu aliyeondoka. Heshima ilikuwa imewala wote wawili, tena taratibu, bila mtu kufanya ubaya wowote.

"Mwaitu," alisema, akakaa wima. "Mwaitu, naomba mke wangu arudi nyumbani."

"Mchukue," alisema Ndila. "Hata leo."

"Na mimi?"

Ilikuwa sauti ya Wavinya. Alikuwa ameingia kwa mlango wa jikoni, kikapu cha soko bado kichwani, na hakuna aliyejua amesimama mwanzo wa ujia tangu neno lipi. Kyule hakuweza kumwona. Alimsikia tu akishusha kikapu, na machungwa mawili matatu yakibingirika sakafuni.

"Mmemaliza kunigawa?" alisema Wavinya. "Mama ananipeana, baba Muthoki ananipokea, mimi ni debe ya maharagwe? Mama, naamka kabla ya mtu yeyote. Nakuosha, nafua, napika, naenda shamba, narudi nakuosha. Nikiweka kichwa chini, simu inalia, unarudi lini, chumvi iko wapi. Kila mtu ananiambia vile yeye ameumia. Tangu Novemba hakuna mtu ameniuliza mimi kitu."

Ndila alishika fimbo kwa mikono yote miwili. Fundi naye alikuwa nyuma ya mlango, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliona afadhali mlango upo. Kisha akaona si afadhali. Alipiga magoti, akasogeza uso kwenye ule uwazi.

"Wavinya," alisema. "Umechoka?"

Wavinya aliyaacha machungwa pale yalipo. Alikuja akakaa chini kwenye ujia, mgongo wake ukiegemea mlango, karibu na miguu ya mama yake, na akalia bila kujificha, kama mtu anayetua mzigo wa kuni. Ndila asingeweza kuinama, lakini kichwa cha binti kilikuwa pale pale karibu na goti lake, akakiwekea mkono. Upande wa pili Kyule alikaa hivyo hivyo kwa magoti, bisibisi mkononi. Aliogopa kukwangua rangi, asije akamkatiza.

"Nimechoka," alisema Wavinya baadaye. "Nimechoka mpaka sijui nimechokea wapi."

Wavinya alijisogeza, skrubu ya mwisho ikatoka, Kyule akauegemeza mlango ukutani, akakanyaga juu ya kabati na kushukia kwenye ujia. Hapo akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake, ambaye kwa nyonga ile hakuwa na namna ya kuruka majanini. Ndila alimtazama. Alimtazama vizuri, bila haraka, kuanzia mvi mpaka soksi.

"Umezeeka," alisema.

"Kweli, Mwaitu."

"Endelea na kazi."

Aliendelea. Wavinya alimshikia sinki alipolichomoa, Kyule akalisawazisha tumbo la plasta kwa patasi, wakalirudisha, akalifunga ukutani kwa skrubu ndefu akaning'inia juu yake yeye mwenyewe kwa uzito wake wote kulijaribu. Kisha akaurudisha mlango, safari hii ufungukie nje, na bawaba akazihamishia upande wa pili ili ukiwa wazi uwe pazia kwa mtu aliyekaa sebuleni. Ilikuwa mchana umekwenda sana alipounganisha maji. Mgongo ulikuwa umekwisha kabisa.

Ndila aliingia na fimbo yake. Wavinya aliinuka amfuate.

"Kaa," alisema mama. Akavuta mlango. Komeo likaingia.

Walisikia maji yakifunguliwa. Wakasikia yakifungwa. Kisha kikawa kimya kirefu, na katikati ya kimya hicho Wavinya aliinuka mara moja, Kyule akamshika mkono, akakaa tena. Walijua mama anafanya nini mle ndani. Alikuwa amekawizwa kulia kwa miezi. Maji yakafunguliwa tena. Alipotoka uso ulikuwa umelowa, macho mekundu, na leso ameifunga kichwani mwenyewe, upande kidogo.

"Kanini wa jirani atakuja kunisaidia kuoga," alimwambia binti yake. "Alijitolea mwenyewe leo kwa maombi. Pakia nguo zako."

"Na ukianguka?"

"Nitashika sinki."

Wavinya alimgeukia mumewe. "Nikifika huko nataka kulala," alisema. "Usiniulize chumvi."

"Sitauliza."

Hakuuliza. Walipofika Wote Wavinya alivua viatu tu, akalala na nguo alizokuja nazo. Alilala jioni hiyo yote. Kesho yake asubuhi Kyule alipika uji kwa kunyata, akaondoa sufuria jikoni kama mtu anayebeba mayai. Jua likapanda, yeye yuko sebuleni amekaa, hakwenda kazini, hakuwasha redio.

Simu ililia, akaikamata kabla haijalia mara ya pili. Ilikuwa namba ya Matiliku. Namba hiyo haikuwahi kumpigia yeye, hata siku moja.

"Amelala?" Ndila aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amelala, Mwaitu."

"Tangu jana?"

"Tangu jana."

"Usimwamshe."

"Simwamshi."

Hakuna aliyekata. Walibaki hivyo kwenye simu, mmoja Matiliku na mwingine Wote, bila kusema neno, wakimlindia usingizi.